Mgongo Chini ya Gunia: Uti wa Mgongo na Historia ya Ubebaji wa Mizigo katika Viunga vya Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mgongo wa mbeba mizigo katika viunga vya Dar es Salaam, hususani Kinondoni na Temeke, tangu zama za misafara ya pwani hadi masoko ya leo ya Tandale na Temeke Stereo. Hoja kuu ni kwamba uzito wa mzigo umepimwa na kudhibitiwa kwa muda mrefu kwa ajili ya mwenye mali, mnunuzi na mtoza ushuru, ilhali mwili unaoubeba umeachwa nje ya kipimo. Kwa kuyasoma maarifa ya anatomia sambamba na historia ya kazi, makala yanaonesha kuwa maradhi ya mgongo katika viunga hivyo hayawezi kuelezwa kwa kigezo cha mkao mbaya wa mtu binafsi pekee.

Utangulizi

Watanzania wengi hulisikia neno "uti wa mgongo" katika siasa kabla ya kulisikia hospitalini. Kauli kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa imerudiwa shuleni, redioni na majukwaani kwa vizazi kadhaa. Ilikuwa tayari hewani wakati Azimio la Iringa la mwaka 1972 lilipotangaza kuwa siasa ni kilimo, na bado ilikuwa hewani mwaka 2009 kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ilipozinduliwa. Sitiari hiyo ina ukweli wake, ila imekuwa na athari moja isiyokusudiwa. Imezoesha masikio kuuchukulia uti wa mgongo kuwa kitu imara kisichochoka, nguzo ambayo kila kitu huegemezwa juu yake. Daktari anayeupasua hauoni hivyo. Kwake ni mnyororo wa mifupa midogo inayotengwa na vipande laini, mnyororo unaofupika jioni na kurefuka alfajiri, na ambao huvaa kama chombo kingine chochote kinachotumika.

Kati ya uti wa sitiari na uti wa mifupa yupo mtu anayelihamisha zao la kilimo kutoka kwenye lori hadi ghalani. Huyo ndiye anayechunguzwa hapa. Katika maandishi ya kihistoria ameitwa mpagazi, hamali, kuli au kibarua. Sokoni leo huitwa mbeba mizigo tu. Wanahistoria wamemwandikia vema kama mfanyakazi, msafiri na mgomaji. Mgongo wake umeandikiwa kidogo sana, na pale ulipoandikwa umeandikwa na madaktari wasiojishughulisha na historia.

Ifahamike pia kwamba mipaka ya kiutawala imebadilika mara kwa mara. Kinondoni, Ilala na Temeke zilipewa hadhi ya manispaa mwaka 2000. Baadaye Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Mizigo haikuifuata mipaka hiyo, na makala haya hayaifuati kwa ukali.

Pingili, diski na uzito

Mtoto huzaliwa na pingili zipatazo 33. Saba ni za shingo, 12 za mgongo wa kifuani ambako mbavu hujishikiza, tano za kiuno, na zilizosalia huungana kadiri mtu anavyokua hadi kuwa mfupa wa nyonga na kifandugu. Kwa hiyo mtu mzima huhesabiwa mifupa 26. Baina ya pingili zisizoungana zimo diski 23, kila moja ikiwa na kiini laini mithili ya jeli kilichozungushiwa pete za nyuzi ngumu. Katikati ya mifereji ya pingili hushuka ugwe wa neva unaotoka kwenye ubongo. Ugwe huo haufiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima hukomea usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na chini ya hapo huendelea matawi ya neva tu. Ndiyo sababu daktari anayetoa maji ya mgongo huchoma sindano chini ya usawa huo.

Jambo lenye uzito zaidi kwa hoja ya makala haya ni namna diski inavyolishwa. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Hupata maji na virutubisho kwa kunyonya kutoka kwenye pingili zilizo juu na chini yake, kama sifongo inayominywa na kuachiwa. Mtu anaposimama na kufanya kazi mchana kutwa, maji hubanwa nje na kimo hupungua kwa sentimeta moja hivi, au karibu mbili. Akilala, maji hurejea. Mwendo wa wastani huilisha diski. Uzito usiopumzika huinyima chakula.

Kiasi cha uzito huo kimepimwa. Katika miaka ya 1960 Alf Nachemson, mtaalamu wa mifupa wa Sweden, aliingiza kipimo ndani ya diski za kiuno za watu hai na kusoma shinikizo lake. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake huko Ujerumani walilirudia jaribio hilo kwa vifaa bora zaidi, ingawa kwa mtu mmoja tu aliyejitolea. Alipolala chali shinikizo lilikuwa megapaskali 0.1; aliposimama wima, 0.5. Alipoinua kreti ya kilo 20 kwa kuinama mgongo ukiwa wa duara, lilipanda hadi 2.3, alipoinua kreti ileile kwa kukunja magoti, 1.7. Kilo 20 zilikuwa mzigo mzito wa maabara. Katika mitaa ya Manzese na Mbagala, kilo 20 ni dumu moja la maji.

Wapo wanaoyaeleza maumivu ya mgongo kuwa adhabu ya binadamu kusimama wima, kana kwamba mwili haujaizoea hali hiyo. Ushahidi uliopatikana Tanzania yenyewe unaifanya hoja hiyo iwe dhaifu. Nyayo za Laetoli, karibu na Ngorongoro, zilizofukuliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978, zina umri wa takribani miaka milioni 3.6, na zinaonesha viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Mgongo umekuwa na muda wa kutosha kuzoea kusimama. Gunia la kilo 100 ni jambo la jana.

Kutoka msafara hadi Kariakoo

Katika karne ya 19 bidhaa kati ya pwani na maziwa makuu zilisafiri kwa miili ya watu, kwa kuwa ndorobo waliwaua wanyama wa mizigo katika sehemu kubwa ya njia. Stephen Rockel, katika utafiti wake wa mwaka 2006, ameonesha kwamba wapagazi, hasa Wanyamwezi, walikuwa wafanyakazi wa mshahara wenye mila za kazi zilizokomaa, na hawakuwa umati usio na sauti kama baadhi ya wasafiri wa Ulaya walivyowaeleza. Moja ya mila hizo ilihusu uzito. Mzigo wa kawaida ulihesabiwa kwa frasila, kipimo cha pwani chenye takribani kilo 16, na mpagazi alitarajiwa kuchukua kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, mbali na mkeka, chungu na posho yake. Mwenye msafara aliyezidisha alijikuta akijadiliana alfajiri na watu waliokataa kuinua mizigo, au alikuta kambi tupu.

Namna ya kubeba nayo ilitofautiana. Wanyamwezi walipendelea bega, wakiufunga mtumba wa nguo kwa vijiti ili ukae vizuri. Mizigo iliyogawanyika ilitundikwa kwenye ncha mbili za mti, ubebaji ambao wakazi wa mijini wanaujua hadi leo kwa jina la mzegazega. Watu wa pwani walitumia kichwa, kwa ngata. Tofauti hiyo haikuwa ya mapambo. Kichwani, uzito hushuka wima kupitia pingili saba za shingo, ambazo ni ndogo kuliko zote. Begani, huikwepa shingo lakini huupinda uti upande mmoja, na ndiyo maana wapagazi wa bega walihamisha mzigo kutoka bega hadi bega njiani.

Utajiri uliotokana na ubebaji huo ulibaki pwani. Miongoni mwa waliofaidika alikuwamo Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, mfanyabiashara aliyewakusanyia wasafiri na makampuni ya Kizungu wapagazi na vifaa vya msafara. Kabla ya kufariki mwaka 1897 alitoa sehemu kubwa ya mali yake kwa hisani, na kutokana na mchango wake hospitali ya wagonjwa wa Kiafrika na Kihindi ilianzishwa Dar es Salaam kwa jina lake.

Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilikusudiwa kumwondoa mpagazi. Vita ilimrudisha mwaka huohuo. Majeshi ya pande zote mbili yalikokota wabeba mizigo kwa malaki, na wanahistoria hukadiria waliokufa upande wa Waingereza pekee kuwa karibu laki moja au zaidi, wengi kwa maradhi na njaa. Waliorejea na migongo iliyoharibika hawamo katika hesabu yoyote. Alama iliyobaki jijini ni jina: kambi ya kikosi cha wabeba mizigo, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, iliachia eneo lake jina la Kariakoo. Soko kuu la Dar es Salaam, ambalo jengo lake lilisanifiwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970 na kuungua Julai 2021, linaitwa kwa jina la watu waliobeba.

Bandari na kuli

Baada ya vita kazi nzito zaidi ya mgongo ilihamia bandarini. Hadi gati za kina kirefu zilipofunguliwa mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga ndani ya bandari na shehena ikashushwa kwenye matishari, kisha ikapandishwa tena ufukoni. Kila gunia liliinuliwa mara kadhaa kabla ya kufika ghalani. Makuli waliajiriwa kwa siku; aliyeamka na kiuno kilichokaza hakupata ujira wa siku hiyo, na mahali pake palijazwa na mwingine kabla jua halijapanda.

John Iliffe ameeleza kwa kina jinsi makuli hao walivyogeuka kundi lenye utambuzi wa pamoja. Waligoma mwaka 1939, tena 1943. Mgomo wa Septemba 1947 ulivuka mipaka ya bandari na kusambaa kufuata reli. Chama chao kilichojengeka baada ya mgomo huo kilivunjwa kufuatia ghasia za mwaka 1950. Migomo hiyo husomwa kwa kawaida kama suala la mshahara na gharama za maisha, na kwa sehemu kubwa ilikuwa hivyo. Hata hivyo, ujira wa kutwa una maana ya pekee kwa mtu ambaye mtaji wake ni kiuno. Anadai leo kile ambacho miaka kumi baadaye mwili hautaweza kudai.

Sheria ya fidia ya wafanyakazi ya zama za ukoloni, Sura 263, ilitambua ajali: kidole kilichokatika, mguu uliovunjika. Diski iliyochakaa kwa miaka 15 haina tarehe ya ajali wala shahidi. Hapa ndipo historia ya sheria na anatomia ya mgongo zinapopishana, kwa kuwa jeraha la kawaida la mbeba mizigo halitokei siku moja.

Katika kipindi hichohicho serikali ya kikoloni ilipima viwanja na kujenga nyumba za Waafrika nje ya Kariakoo na Ilala: Magomeni upande wa kaskazini magharibi, Temeke upande wa kusini. Viunga vilikua, na mizigo ikavifuata. Makontena yalipoenea bandarini kuanzia miaka ya 1980, na hatimaye kitengo cha makontena kikakabidhiwa kwa mwendeshaji binafsi mwaka 2000, winchi zilichukua kazi ya mgongo ndani ya uzio wa bandari. Nje ya uzio hali haikubadilika hivyo. Kontena lililoshushwa kwa mtambo hufunguliwa Kariakoo au katika maghala ya pembezoni, na yaliyomo hutolewa kwa mikono, hupandishwa kwenye guta na mikokoteni, na hukamilisha safari juu ya bega la mtu. Mashine haikuuondoa mzigo mgongoni. Iliusogeza kilomita chache.

Lumbesa

Soko la Tandale, katika Kinondoni, hujulikana kwa nafaka: mchele, mahindi, maharage. Temeke Stereo ni soko la viazi, vitunguu, matunda na mbogamboga. Malori hutoka mikoani usiku na kushusha alfajiri. Utaratibu wa kushusha hautofautiani sana baina ya masoko haya. Watu wawili walio juu ya lori humtwisha wa tatu aliye chini. Yeye huupokea mzigo kwa kisogo na mabega, shingo ikiwa imeinama mbele, kisha hutembea hatua za haraka juu ya ardhi ambayo masika huwa tope, hupanda ubao au ngazi, na hutua kwa kuuachia mzigo uanguke. Malipo ni kwa gunia. Anayeenda polepole hupata kidogo.

Gunia linalobebwa hivyo limekuwa na mgogoro wa muda mrefu unaoitwa lumbesa, yaani ujazo unaopita mdomo wa gunia, nundu ya viazi au vitunguu ikishikiliwa kwa wavu wa kamba zilizoshonewa juu. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja na kupata gunia na ziada yake. Sheria ya Vipimo, Sura 340, pamoja na kanuni zake, inaweka kikomo cha kilo 100 kwa ufungashaji wa mazao ya shambani, na Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002, imepewa jukumu la kusimamia. Kampeni dhidi ya lumbesa zimerudiwa mara nyingi, na gunia la kilo 120 au zaidi bado si kioja.

Kinachostahili kuangaliwa na mwanahistoria ni msingi wa katazo lenyewe. Lumbesa hukemewa kwa sababu inampunja mkulima na kuikosesha halmashauri ushuru. Sababu zote mbili ni za haki. Hata hivyo, mjadala huu haumtaji kwa uzito mtu aliye chini ya gunia, na kikomo chenyewe cha kilo 100 kinathibitisha hilo: ni kikomo cha kibiashara. Pendekezo Namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo wa mwanamume mzima mmoja usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe pungufu zaidi kwa kiasi kikubwa. Gunia halali kabisa la Tandale, lisilo na hata punje ya lumbesa, linakaribia mara mbili ya kiwango hicho. Likilinganishwa na mzigo wa frasila mbili wa msafara, ni mara tatu. Ulinganisho wa mwisho unahitaji tahadhari, kwani mpagazi alitembea wiki kadhaa na mbeba mizigo wa soko hutembea mita chache. Lakini anazitembea mara nyingi kwa siku, na kwa kila safari diski za kiuno hubanwa upya.

Mfano wa kinyume upo Kinondoni kwenyewe. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, kinauza saruji katika mfuko wa kilo 50, na hakuna mnunuzi anayeona ajabu. Mfuko huo haukuwa mdogo kwa huruma. Kiwanda hufungasha kwa mashine na kwa viwango vilivyosanifishwa. Tofauti kati ya mfuko wa saruji na gunia la viazi ni ya nani anayeushona mdomo wake.

Kwa upande wa fidia, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 zimepanua ulinzi kuliko wakati wowote uliopita, ikiwa ni pamoja na kutambua magonjwa yatokanayo na kazi. Mfuko ulioanzishwa na sheria ya pili hutegemea michango ya waajiri. Mbeba mizigo wa soko hulipwa na mwenye gunia hili, kisha na mwenye gunia lile. Mwajiri wake hudumu dakika tano.

Ndoo, ngata na shingo

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy, Heglund na wenzao kuhusu wanawake wa Kenya. Wanawake wa Kijaluo waliobeba kichwani, na wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, waliweza kuchukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada iliyopimika. Utafiti wa mwaka 1995 ulieleza siri yake: mwendo wao huhifadhi nguvu kati ya hatua na hatua kwa ufanisi zaidi, kama pendulamu ya saa. Matokeo hayo yalipendwa sana, na baadhi ya waandishi waliyageuza kuwa sifa ya maumbile.

Hesabu yake katika viunga vya Dar es Salaam ni finyu. Kwa mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ni theluthi ya uzito wake. Aidha, kutotumia nguvu ya ziada si sawa na kutoumia. Mwaka 1968 daktari L. F. Levy, aliyefanya kazi Salisbury, sasa Harare, alieleza katika jarida la madaktari wa Uingereza majeraha ya shingo ya watu waliobeba mizigo mizito kichwani, na kuyaita shingo ya mpagazi. Huko Ghana mwaka 1994 Jumah na Nyame walionesha kwamba uchakavu wa pingili za shingo ulionekana zaidi kwa wabeba mizigo ya kichwani kuliko kwa wasiobeba.

Historia ya ndoo hizo ni historia ya mabomba. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ya miaka ya 1959 na 1976, ililetea jiji maji, lakini jiji likakua kuliko mtandao wake. Ubinafsishaji ulioanza mwaka 2003 ulivunjwa mwaka 2005. Katika muda huo wote tofauti kati ya kupata na kukosa ilibebwa na wanawake, watoto na wauza maji wenye mikokoteni. Kaulimbiu ya serikali ya kumtua mama ndoo kichwani ni kauli nadra ya kisera ambayo imeutaja mzigo kwa kuanzia kwenye mwili, na kitenzi kilichochaguliwa, kutua, ni kilekile cha wabeba mizigo. Mwanamume aliye chini ya gunia hana kaulimbiu.

Kutibu mgongo

Si kila mgongo mbovu umeharibiwa na mzigo, na ingekuwa kosa kuandika kana kwamba ndivyo. Kibyongo cha ghafla kwa kijana mara nyingi kilikuwa, na bado kinaweza kuwa, kifua kikuu cha pingili, ugonjwa alioueleza Percivall Pott wa London mwaka 1779. Hutibika kwa dawa ukigunduliwa mapema, na mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza mwaka 1977, kwa ushauri wa Karel Styblo, ulikuwa miongoni mwa mifano iliyotumiwa baadaye na Shirika la Afya Duniani kuunda mkakati wake wa kimataifa. Mtoto anayezaliwa na mgongo wazi naye ana historia nyingine: jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 1991 lilithibitisha kuwa asidi ya foliki inayotumiwa kabla ya mimba kutunga hupunguza sana tatizo hilo. Kanuni za mwaka 2011 zimeagiza virutubisho viongezwe kwenye unga wa viwandani, lakini sembe inayosagwa katika mashine ndogo za mitaani ni vigumu kufikiwa na agizo hilo. Tena, tangu mwaka 2010 pikipiki ziliporuhusiwa kisheria kubeba abiria, ajali zimewaletea vijana majeraha ya ugwe wa mgongo ambayo kizazi cha makuli hakikuyajua.

Mbele ya yote haya, ushauri anaopewa mbeba mizigo ni wa aina moja: akunje magoti, aushike mzigo karibu na mwili, asijipinde akiwa ameinua. Ushauri ni sahihi kianatomia, kama kipimo cha Wilke kinavyoonesha. Lakini mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Martimo na wenzake mwaka 2008 hayakupata ushahidi kwamba mafunzo ya namna ya kuinua, yakitolewa peke yake, huzuia maumivu ya mgongo kwa wafanyakazi. Kushuka kutoka 2.3 hadi 1.7 ni nafuu kwa kreti ya kilo 20. Kwa gunia la kilo 100 linalotupwa juu ya kisogo kutoka kwenye lori, hakuna magoti ya kukunja. Kupunguza gunia ni tiba ya jumla. Magoti ni tiba ya mtu mmoja mmoja. Kuhusu aliyekwisha kuumia, maoni ya kitabibu yamegeuka: kulala kitandani kwa wiki kadhaa, kulikoagizwa zamani, hakupendekezwi tena kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, na kuendelea kutembea na kufanya mazoezi mepesi ndiyo njia inayotangulizwa. Mbeba mizigo hutii maagizo hayo bila kuyasoma, kwa kuwa hana siku ya kulala. Tatizo lake ni kwamba kazi nyepesi haipo.

Asiyepata nafuu, au anayeanza kufa ganzi miguuni, kupoteza nguvu au kushindwa kuzuia haja, hana budi kupelekwa hospitalini bila kusubiri. Kutoka Tandale au Temeke njia humfikisha kwanza katika kituo cha afya cha kata, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, na hatimaye Upanga, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Taasisi hiyo imo ndani ya eneo lilelile la hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, iliyorithi huduma za ile iliyoanzishwa kwa mali ya mkusanya wapagazi wa Bagamoyo. Moja ya majengo ya wodi ya Muhimbili bado linaitwa Sewahaji.